Shefu na Mashine Zilizovuka Uwanja

Nimemfahamu mtu huyu miaka mingi. Nimekaa naye meza moja, nimegombana naye, nimecheka naye mpaka machozi, na bado ukiniuliza leo kama alizipenda kompyuta au aliziogopa, nitakuambia sijui. Si kwamba nakuficha. Kila nikidhani nimempata, nakumbuka jambo lingine linalovuruga lile la kwanza, na mimi ni mtu ninayependa kuelewa vitu haraka, kwa hiyo alinichosha sana.

Alikuwa mkuu wa idara ya ualimu katika chuo kimoja hapa Likasi, kusini mwa Kongo, idara inayoandaa walimu wa shule. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Wanafunzi, walimu, walinzi wa geti, hata mke wake nyumbani, wote tulimwita Shefu, Kifaransa chetu cha kusema mkuu. Mimi nilikuwa msaidizi wake, binti wa muuza vipuri wa soko la Kikula, Mwislamu, mwenye mdomo mwepesi. Yeye alikuwa mtu wa kanisa la maombi, sauti nzito, asiyejua haraka ni kitu gani. Watu walishangaa tunavyoelewana. Nilishangaa mimi pia, maana mara nyingi hatukuelewana kabisa.

Kwanza nieleze kritiki, kwa sababu bila kritiki Shefu haeleweki, na hata ukiwa nayo haeleweki sana. Katika kazi yetu, mwanafunzi anayesomea ualimu hutoa somo la majaribio mbele ya watoto wa kweli, wenzake na walimu wake wakiwa wamekaa nyuma ya darasa. Watoto wakishatoka, tunakaa kumhakiki. Aliyefundisha anaanza kwa kutaja makosa yake mwenyewe. Kisha wenzake wanataja mazuri, halafu mapungufu, na mwisho mkubwa anafunga. Ndiyo kritiki. Walimu wengine huiacha darasani inapostahili kubaki. Shefu alitembea nayo mjini.

Kwenye harusi ya binamu yangu, alipoombwa awape maharusi neno la busara, alisimama, akarekebisha koti, akasema, "Tuanze na mazuri." Akausifu wali. Akausifu mpangilio wa viti. Kisha akasema mshereheshaji ameongea muda mrefu bila kuuliza swali hata moja la kuhakikisha kama wageni wamemwelewa. Shangazi zangu wakaniuliza nani amemleta mzee huyu. Siku nyingine, alipochomwa sindano hospitalini, alimwambia muuguzi ataje mwenyewe alichokosea. Yule dada alidhani amepata mkaguzi kutoka mkoani, akamletea kiti na maji ya kunywa.

Lakini Jumapili alikwenda na watu wa kanisa lake kwenye gereza la Buluo. Wenzake waliimba na kuombea, yeye akakaa pembeni na wafungwa waliotaka kujua kusoma. Nilimuuliza kwa utani kama kule nako anafanya kritiki.

"Hapana, Assistante," akasema. Ndivyo alivyoniita siku zote, Assistante, hata nilipopanda cheo. "Kule bantu banajikritiki benyewe kila siku. Inatosha."

Utani wangu nikaurudisha mfukoni.

Kuhusu vifaa, sasa. Alikuwa na simu mbili. Moja ya vibonye, iliyokuwa imefungwa raba ili betri isianguke, na nyingine ya kisasa aliyopewa na mwanawe, ambayo aliitunza ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko wa kitambaa, ndani ya mkoba. Darasani alipiga marufuku simu. Ukishikwa nayo, unasimama mpaka kipindi kiishe. Lakini siku moja mwanafunzi alipanga ubao vizuri mno, tarehe mahali pake, mchoro mahali pake, mwandiko umenyooka, na Shefu akasimamisha somo, akaufungua ule mkoba, akafungua kitambaa, akafungua plastiki, akapiga picha. Darasa zima lilingoja. Kisha akatuambia tuendelee, na aliyetoa simu yake kumuiga akasimamishwa.

Barua za idara alizichapa mwenyewe kwa kidole kimoja, kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa ofisini. Barua fupi ya kuomba chaki ilianza asubuhi ikafika adhuhuri. Mimi vidole vinanikimbia, nilipita nyuma yake makusudi, nikikohoa.

"Shefu, lete nikumalizie."

"Acha. Mwalimu mwenye kuandikiwa na muntu mwingine, siku moja atafundishiwa na muntu mwingine."

Sikujua kama hayo ni maneno ya mtu anayeipenda mashine au ya mtu anayepigana nayo. Alipomaliza alituita wote tuje kuiona barua kwenye kioo, akicheka kwa furaha kabisa.

Kisha ikaja habari ya moyo. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alikwenda kutoa somo la majaribio katika shule yetu ya mazoezi kule Panda, moja ya zile shule za zamani za makambi ya wafanyakazi, kuta nene na madirisha makubwa. Somo lilikuwa moyo wa binadamu. Aliazima projekta, akatundika shuka jeupe, na watoto wakashangilia kama wako mpirani. Moyo ulidunda pale juu ya shuka, mwekundu na wa buluu. Mara umeme ukakatika, kama kawaida yake. Watoto wakapiga mluzi. Yule mwanafunzi akasimama na rimoti mkononi akilitazama shuka. Shefu, nyuma ya darasa, mikono kifuani, hakusogea. Mwishowe mwanafunzi akaokota chaki, akachora moyo ubaoni, ukatoka kama kiazi, akamaliza somo jasho likimtiririka.

Kwenye kritiki Shefu alimsifu. Kisha akaigeukia projekta pale mezani, akaiambia bila tabasamu:

"Na weye? Uliingia mu darasa bila kujipanga. Courant ikienda, ulikuwa na plan gani?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alitaka mashine ipewe alama yake pembeni ya alama ya mwanafunzi, na alama yenyewe ilikuwa sifuri.

Mwanafunzi aliyefuata, aliyezipata habari hizo, alijihami. Akaja na chaki tu. Alipochora moyo wake, nao kama kiazi, Shefu akamkatiza kwenye kritiki: "Moyo ya muntu unaichora vile sababu ya nini? Haujue tuko mwaka gani? Tafuta image! Batoto banapaswa kuona!" Yule dada alinifuata barazani karibu kulia, akaniuliza mzee anataka nini hasa. Nikamwambia angoje, nikijua nitamwambia.

Kwa hiyo ulipofika wakati wa mpango wa kompyuta, nilipaswa kujua kuwa mambo hayatanyooka.

Mkurugenzi wa chuo alitutangazia kwamba kuna wafadhili watakaoleta kompyuta, na kila idara iseme mahitaji yake, pamoja na jinsi itakavyosaidiwa kuzitumia. Idara nyingine zilijibu siku ileile. Waliandika wanataka mashine, basi. Sisi Shefu alituita mezani, mimi na walimu wengine wawili, akatutaabisha kwa majuma. Hakuturuhusu hata kulitaja neno kompyuta kabla ya kujibu swali tunaloandika juu ya kila andalio la somo: mwishoni, mwanafunzi ataweza kufanya nini?

"Ataweza kuandika maswali ya mutihani," nilisema.

"Muzuri. Na mashini ikikataa kuwaka?"

"Ataita muntu."

"Muntu gani?"

Hapo tukakwama. Kesho yake tukaanza upya, tukakwama palepale. Nilimwambia Shefu, hilo ni jambo la baadaye, mashine zikiwepo mtu atapatikana. Akanitazama kwa huruma, jambo lililonikera kuliko kugombezwa. Akasema mwalimu akikwama mbele ya watoto mara mbili, mara ya tatu haigusi tena mashine, anaifunika kitambaa na kuweka maua juu. Alikuwa ameona hivyo kwenye ofisi nyingi. Hata mimi nilikuwa nimeona.

Ndiyo maana katika mpango wetu kitu cha kwanza kilikuwa mtu. Mtu wa kudumu, ambaye kazi yake si kukaza nyaya tu, bali kukaa na walimu na wanafunzi pale wanapokwama au wanapoogopa kugusa. Baada ya mtu, betri za kushika umeme. Baada ya betri, mapazia ya kuzuia vumbi. Kompyuta zilikuja mwisho kabisa, mtu angedhani tumezikumbuka tukiwa mlangoni.

Mkurugenzi alituita. Hakuwa mtu mbaya, niseme haki. Alikuwa amechoka tu.

"Shefu, mashini iko. Muntu haiko. Sina poste ya kukupa, nafasi ya kazi haiko."

"Basi na mashini ingojee."

"Unakataa zawadi?"

"Sikatae. Nangojea ikamilike."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akauvuta mguu wake taratibu, akaendelea kumtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akasema wafadhili hawangoji, na idara ya biashara wako tayari kupokea hata leo. Shefu akajibu kwamba kama ni hivyo, wapokee.

Na wakapokea. Idara ya biashara iko ng'ambo ya uwanja wa chuo. Tulisimama dirishani tukitazama maboksi yakipita, vijana wa biashara wakiyabeba kichwani huku wakiimba. Wanafunzi wetu walijipanga barazani. Dada mmoja akanigeukia.

"Assistante, siye tulikosa nini?"

Nilikasirika siku ile kuliko nilivyowahi kukasirika kazini. Niliingia ofisini kwa Shefu bila kubisha hodi, nikamwambia waziwazi kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi ziko barazani zinalia. Hakunijibu kwa kritiki. Alikuwa amekaa mbele ya ile kompyuta yake kuukuu, imezimwa.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema mzee anaogopa wanafunzi watamcheka na kidole chake kimoja. Wengine walisema ni ugomvi wa zamani na Mkurugenzi. Kuna waliosema ni maono ya kanisani, na kuna waliosema ni hekima, tungoje tuone. Nikangoja nione. Nilichoona kilinichanganya zaidi. Baadhi ya zile mashine zilikufa mapema, vumbi jekundu la huku haliulizi mwenye nyumba, na zikafunikwa vitambaa. Nikasema, kumbe alikuwa na haki. Lakini nyingine zikaendelea kufanya kazi, na vijana wa biashara wakatoka chuoni wanajua kuandika, kupanga majedwali, kutuma barua. Wa kwetu wakatoka na chaki. Nikasema, kumbe alikosea. Nililala na haki nikaamka na kosa, ikawa hivyo muda mrefu.

Yeye mwenyewe hakusaidia. Mara kadhaa nilimkuta amesimama nje ya dirisha la idara ya biashara, mikono nyuma, akiwatazama wanafunzi walio ndani.

"Shefu, unatafuta nini huku?"

"Naangalia ginsi banakaa."

Wanavyokaa! Si wanavyoandika, si wanavyofungua mashine. Nilirudi ofisini nikitikisa kichwa.

Aliendelea vilevile mpaka alipostaafu. Siku ya kumuaga alihakiki hotuba zote, ikiwemo yangu, ambayo alisema ilikuwa na mazuri mengi lakini haikuwa na hitimisho. Kiti chake nikakikalia mimi, kwanza kwa muda, na kama mambo yote ya muda kwetu, muda ukawa wa kudumu.

Mwaka huu wafadhili wamerudi. Safari hii Mkurugenzi amesema kompyuta ni za idara ya ualimu kwanza, tukizitaka. Nikamuuliza kuhusu mtu wa kutusaidia. Akasema, kwa uchovu uleule, poste hakuna. Nimpe jibu lundi, yaani Jumatatu, nikichelewa zinavuka uwanja kama zamani.

Nikikubali, nitaziua mashine mikononi mwangu. Nikikataa, kundi lingine la walimu litatoka mikono mitupu, na safari hii mkosaji nitakuwa mimi. Jumamosi mchana nikapanda pikipiki mpaka Panda.

Nilimkuta nje ya nyumba, moja ya zile nyumba za makambi, anamenya karanga kwenye sinia. Alikuwa amepungua mwili, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Assistante! Ao sasa tunasema Shefu?"

"Shefu ni weye. Minye nachunga kiti tu."

Mke wake, tunayemwita Mama, akanitolea kiti na chai. Nikamweleza Shefu yote. Alimenya karanga muda wote nilipokuwa nasema, bila kunikatiza.

"Basi nikuulize," nikamaliza. "Nikatae kama weye?"

"Nani alikuambia minye nilifanya muzuri?"

"Hakuna. Kila muntu anasema yake."

"Na weye unasema nini?"

"Minye sijue, Shefu! Siku ingine nasema ulikuwa na haki. Siku ingine nakukasirikia mpaka leo."

Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. Akaniambia alikuwa sokoni Kikula akakutana na mwalimu mmoja, mwanafunzi wetu wa mwaka ule wa maboksi. Alikuwa amebeba maswali ya mtihani wa darasa lake, aliyoyaandika kwa mkono, anampelekea kijana mwenye kibanda cha kompyuta amchapie. Kijana mwenyewe alisoma biashara chuoni kwetu. Yule mwalimu alimsalimu Shefu kwa mikono miwili, akapiga goti, akamuuliza hali ya magoti na ya Mama.

"Hakunilaumu," Shefu akasema. "Ingekuwa muzuri angenilaumu. Minye nilikuwa nachunga mashini ya kesho, kumbe banafunzi balikuwa ba leo. Hiyo njo kosa yangu."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Nilitaka kumwambia si kosa lake peke yake, na pia nilitaka kumwambia ndiyo, ni lako, na sikujua nianze na lipi.

"Kwa hiyo nizikamate?"

"Zikamate."

"Bila muntu?"

"Bila muntu zitakufa. Nilisema zamani, nasema na leo."

"Shefu!" Nadhani nilipiga kelele, maana Mama alitokeza mlangoni. "Unanivuruga kichwa! Nikamate ao nisikamate?"

"Kamata. Andika kwamba muntu iko."

"Muntu gani? Mkurugenzi anasema haiko!"

"Andika minye."

Nilicheka. Nikamtazama vizuri, nikaacha kucheka.

"Weye? Na kidole moja?"

"Kidole ni moja, ndiyo. Kuitengeneza mashini, sijue. Lakini kukaa pembeni ya muntu mwenye kukosea, mpaka aache kuogopa, hiyo kazi nilifanya maisha yangu yote." Akaziweka karanga kando. "Asubuhi naenda kwa ule kijana wa Kikula, ananifundisha. Mama hakukuambia?"

"Na magoti yako?" Mama akauliza kutoka mlangoni.

"Magoti haiandike."

Mzee mstaafu asiye na poste, ambaye mpaka sasa siwezi kuapa kama mashine anazipenda au anaziogopa, ndiye awe msaada wa chumba kizima cha kompyuta. Mkurugenzi atacheka. Wafadhili hawataelewa. Mimi mwenyewe sikuelewa. Lakini nilijua tayari kwamba nitaliandika jina lake, na nilifurahi kiasi cha kuona aibu, nikajifanya chai imenipalia.

Nilipoinua uso ili nimwambie tusubiri kwanza, kwamba hata jibu sijapeleka, kwamba mashine zenyewe ziko mbali, alikuwa amesimama. Alikung'uta maganda ya karanga mapajani, akaingia ndani, na nikamsikia akimuuliza Mama ameviweka wapi viatu vyake vya kamba.

"Unaenda wapi, Shefu?" nikamwita.

"Navisafisha. Lundi iko karibu."

Ilikuwa bado Jumamosi.